Zuranoloni baada ya kujifungua: uzoefu wangu

Zuranoloni ni dawa ya sonona, ile huzuni nzito inayowapata baadhi ya akina mama baada ya kujifungua, nami nilikuwa mmoja wao. Nianze na usingizi, maana ndio kila mtu huniuliza. Kapsuli humezwa jioni pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo mwili hauinyonyi vizuri. Baada ya hapo macho yanakuwa mazito, na ukiinuka ghafla kizunguzungu kinakurudisha kitandani. Mtoto alikuwa akilia usiku na mimi sisikii. Mume wangu ndiye aliyeamka. Kuendesha gari ni marufuku hadi zipite saa 12 tangu umeze.

Usingizi huo unatoka palepale dawa inapofanyia kazi. Ubongo una kemikali ya kutuliza iitwayo GABA. Ikishika kipokezi chake, mlango unafunguka, kloridi inaingia ndani ya seli ya neva, na seli inapunguza kurusha ishara. Zuranoloni haikai kiti cha GABA. Inajishikiza kwingine kwenye kipokezi hichohicho na kuuongezea nguvu utulizaji huo. Mwili wenyewe hutengeneza kitu cha namna hiyo, alopregnanoloni, kutokana na homoni ya projesteroni. Kwenye ujauzito hupanda sana, ukishajifungua huporomoka. Daktari aliponichorea hayo kwenye karatasi, niliacha kujiita mama mbaya.

Kabla yake nilipewa sertralini, dawa ya sonona ya kundi jingine, linalogusa serotonini, kemikali nyingine ya ubongo. Sina ugomvi nayo, imewafaa wengi, ila huchukua wiki kadhaa, na kusubiri ndiko kulikonishinda. Zuranoloni ni siku 14, basi. Marekani iliiidhinisha Agosti 2023. Iliyoitangulia, breksanoloni, ilikuwa dripu ya saa 60 mfululizo; sijui ni mzazi gani wa kichanga mwenye nafasi hiyo!

Nilijua imenishika siku chupa ilipovuja maziwa kitandani nikakasirika. Hasira kweli! Wiki iliyotangulia hata ingemwagika ndoo nzima ningeitazama tu.

Tumbo liliharisha kidogo, likatulia. Pombe na dawa za usingizi kaa nazo mbali, kwani nazo zinauzimisha ubongo na zikipandana na dawa hii ni hatari. Uzazi wa mpango ni lazima wakati wa dozi na wiki moja baada yake. Kunyonyesha nilikusimamisha kwa hiari yangu, ingawa kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo. Nikawa nakamua na kumwaga yasije yakakauka. Hilo liliniuma kuliko kizunguzungu.

Ningeimeza tena? Ndiyo, mradi kuna mtu mzima wa kukesha na mtoto.