Uzoefu wangu na wakili wa kesi za kufilisika Mombasa

Nauza leso na madira Biashara Street. Biashara ilipokwenda mrama, madeni yaliniandama kutoka kila upande: benki, chama cha akiba, wenye mali niliyochukua kwa mkopo, na mikopo ya simu juu yake. Dalali alipoanza kunipigia, nikaamua kutafuta wakili.

Mombasa mawakili hawakosekani. Pita Nkrumah Road au Moi Avenue uone mabango. Lakini wengi niliowaendea kazi yao ni mashamba, ajali na talaka, na kesi za kufilisika hawazishiki mara kwa mara. Kwa hivyo uliza wazi: umewahi kusimamia kesi kama hii, na iliishaje?

Mmoja niliyeonana naye mwanzo alinitajia ada kabla hajaona hata karatasi moja. Alitaka pesa taslimu, na nilipouliza risiti akasema tutaona baadaye. Akaniapia kwamba madeni yote yatafutika. Nilimshukuru, nikaondoka.

Wa pili nilielekezwa na mteja wangu. Kabla sijamwendea nilitafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria wa Kenya, maana leseni ya wakili huchukuliwa upya kila mwaka na pale utaona kama yake iko hai. Ni jambo dogo, hata kwa simu unalifanya.

Huyu mama wakili nilimpenda tangu mwanzo. Aliniambia, "Mama, nenda ukaniletee kila karatasi ya deni, hata ujumbe wa simu uchapishe. Ada tutazungumza baadaye." Nikarudi na kikapu kizima. Alizimwaga karatasi mezani, akazisoma moja moja, akazigawa mafungu mawili. Lile dogo akaligonga kwa kalamu: "Hili deni la pikapu yako lina dhamana. Hata ukitangazwa muflisi leo, aliyeshika logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, bado ana haki ya kulichukua gari." Sikuwa nimeambiwa hilo na mtu yeyote.

Kisha akanifafanulia sheria ya mwaka 2015 inayosimamia mambo haya, kwa Kiswahili cha kueleweka. Ukitangazwa muflisi na Mahakama Kuu, mali yako inashikwa na kugawiwa wadai, ingawa vifaa vya kazi na vyombo muhimu vya nyumbani unaruhusiwa kubaki navyo kwa kiasi. Kwa kawaida unaondolewa kwenye hali ya ufilisi baada ya miaka 3 tangu uwasilishe taarifa ya mali na madeni yako, na kabla ya hapo huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila idhini. Matunzo ya watoto hayafutiki. Iko njia nyingine ya asiye na mali yoyote, mwenye deni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, ambayo huisha kwa miezi 12. Mimi nina mali dukani, kwa hivyo haikunifaa.

Akanishauri nisikimbilie kufilisika, tuombe mapatano na wadai. Mahakama Kuu hutoa amri ya siku 14 za mwanzo, na kwa muda huo mdai haruhusiwi kukushtaki wala kukunadia. Wadai hukutana, wakapigia kura pendekezo lako la malipo. Siku dalali aliponyamaza, nililala usingizi ambao sikuujua kwa muda mrefu. Wadai wangu walikubali nilipe kwa awamu, na la pikapu tukalizungumza peke yake na mwenye logibuku.

Ada tuliiandikiana, na kila nilicholipa nilipewa risiti. Kinachoniudhi ni kimoja. Mapatano haya yanahitaji msimamizi mwenye leseni ya kazi hiyo, na malipo yake ni mbali na ya wakili. Hilo niliambiwa tukiwa tumeshaanza, na lilinilazimu kukopa kwa dada yangu. Lilipaswa kuwa kwenye hesabu ya kwanza kabisa. Karani wake naye, simu hashiki, ukitaka jibu ni uende afisini mwenyewe.

Hata hivyo ningemrudia. Ukienda kwa wakili, beba karatasi zako zote, na mwambie akuandikie jumla ya gharama: yake, ya mahakama, na ya msimamizi.