Kliniki ya chanjo za safari, Mwanga, Kigoma: nyota nne

Mzigo wangu wa vitenge uko Kalemie, na bila kadi ya homa ya manjano Kongo huingii. Nikaenda nikijua ni kuchomwa na kuondoka.

Nesi, mama mtu mzima, alishika kichupa mkononi bila kukifungua. "Mwanangu, kuna dawa unazotumia kila siku?" Nikamwonyesha kadi yangu ya kliniki ya ARV. Akapitisha kidole mpaka kwenye CD4, hesabu ya chembe za kinga mwilini: 180. Kichupa kikarudi kwenye friji.

Akanieleza polepole. Chanjo hii ina virusi hai, vimedhoofishwa tu. Mwenye kinga nzuri anavimudu, ila CD4 ikiwa chini ya 200 vinaweza kumgeuka. Daktari akaniandikia barua ya msamaha wa chanjo, yenye muhuri. Barua haizuii mbu, akaongeza, kwa hiyo mikono mirefu na chandarua. Kinga ikipanda, tutazungumza upya.

Ya homa ya ini B nilichomwa siku hiyohiyo. Hiyo haina kirusi hai, kwa hiyo ni salama kwangu; tatizo ni kwamba mwili kama wangu huenda usiitikie vizuri. Nimalize dozi zote, kisha nipime damu kuona kama imeshika. Mkono uliuma siku moja, basi.

Nyota niliyokata ni ya dirishani. Kijana wa mapokezi aliniuliza "una tatizo gani?" kwa sauti ya mnadani, na benchi nyuma yangu limejaa majirani. Wekeni hata pazia, jamani.