9E10 au Y69: kingamwili ipi ya kutafuta MYC?
MYC ni protini inayodhibiti usomaji wa jeni nyingi za ukuaji wa seli. Ikizidi, huchochea saratani. Katika limfoma ya Burkitt, saratani ya mfumo wa limfu ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, jeni ya MYC kwa kawaida huwa imehamia kromosomu nyingine.

9E10 hutokana na panya, na imetumika tangu 1985. Hushika kipande kifupi tu, EQKLISEEDL (kila herufi ni asidi amino moja), mwishoni mwa MYC ya binadamu. Bandika kipande hicho kwenye protini nyingine, nayo itaipata; kazi hiyo inaiweza sana. Lakini 9E10 haiitambui MYC asilia ya panya, kwa hiyo anayechunguza viinitete vya panya asihangaike nayo.

Y69 ni ya sungura. Hushika upande wa mwanzo wa protini, ya binadamu na ya panya pia. Kwenye uvimbe uliohifadhiwa kwa parafini, viini vya seli zenye MYC nyingi hugeuka kahawia, waziwazi chini ya hadubini. Kwa sampuli za wagonjwa ningechukua hii bila kusita. Ila rangi huonyesha wingi wa protini tu. Kuhama kwa jeni kunahitaji kipimo cha FISH, kinachoonyesha kwa alama zinazong'aa jeni ilipo kwenye kromosomu.