Kupima muda au nguvu ya mawimbi, kipi bora ghalani?

Ghala la korosho Mtwara, magunia mpaka juu, unatafuta kipima unyevu chenye kitambulishi cha redio na hukioni. Kupima muda wimbi la redio linaotumia kusafiri kati ya kitambulishi na mtambo wa kupokea ndo sahihi zaidi, ila wimbi linaenda kama sentimita 30 kwa nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), sasa likidunda kwenye bati kwanza mtambo unadhani kitu kiko mbali kuliko kilipo, na vifaa bei imechangamka. Kulinganisha nguvu ya Wi-Fi na ramani ya nguvu hiyo uliyopima kabla kila kona ni nafuu, tena huko kudunda ndo kunaipa kila kona alama yake (hapo napapenda), shida mzigo ukienda bandarini ramani imekufa, unapima upya. Ghala la msimu, nenda na muda. Stoo ya vipuri Lindi isiyohamahama, Wi-Fi inatosha.