Miezi mitatu na singo ya Ngamiani: nilicholipia na nilichopata

Mtoto alipofikisha miezi minne, nywele zangu zikaanza kuniaga. Nikichana zinabaki kwenye kitana, nikioga zinaziba tundu la maji, na asubuhi naziokota juu ya mto kana kwamba hapo amelala paka. Mbele, kwenye paji la uso na juu ya masikio, pakawa peupe. Shemeji yangu, ambaye hajui kunyamaza, akaniuliza kama siku hizi nanyoa kiduku.

Mama mkwe ndiye aliyenishika mkono hadi Ngamiani, hapa Tanga mjini, zile barabara za kumi na kitu, kwa mama mmoja anayesinga maharusi uani kwake, yaani kuwapaka na kuwasugua mwili kwa singo, na kuuza mafuta anayoyapika mwenyewe. Hana duka wala kibao mlangoni. Unabisha hodi, unaamkia, unakaa mkekani kusubiri zamu nyuma ya biharusi wa watu. Jina lake silitaji, hakuniruhusu, na isitoshe nina malalamiko yangu mawili matatu humu.

Nilichukua huduma ya mwezi mmoja kwa shilingi 60,000: kusingwa mwili mara moja kwa wiki, kukandwa kichwa kwa mafuta siku hiyo hiyo, na chupa ya nusu lita ya kwenda nayo nyumbani. Baada ya hapo nikaendelea mwenyewe miezi miwili kwa kununua mafuta (12,000 chupa) na unga wa singo (10,000 kopo). Ukijumlisha yote haikufika laki.

Nianze na singo, maana ndiyo iliyonirudisha kwake.

Yake ina liwa (ule mti wa kunukia), karafuu, manjano kidogo, mawaridi makavu, na mchele uliolowekwa ukatwangwa. Asumini anatia ikipatikana. Liwa hanunui ya unga. Anacho kigogo chake, kimeisha hadi kinatosha kiganjani, anakisugua juu ya msio, lile jiwe la kusagia liwa, kwa matone ya marashi mpaka kinatoa uji mwepesi. Nilimuuliza kwa nini anajitesa na wakati sokoni Mgandini liwa iko tele kwenye mifuko. "Mwanangu, ya unga utajuaje kama si vumbi la seremala lililonyunyiziwa marashi?" Sikuwa na jibu.

Anakupaka mwili mzima, anaacha ikauke nusu, halafu anaanza kusugua kwa kiganja, kutoka vifundoni kupanda juu. Hapo ndipo utakapojionea aibu. Singo inadondoka kama makombo ya mkate, na pamoja nayo nongo ambazo ungeapa huna, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo ulioga na dodoki. Ukimaliza unajimwagia maji ya vuguvugu bila sabuni, unapakwa mafuta mepesi, unajifunika khanga juu ya chetezo na udi wake mpaka macho yanatoa machozi.

Magoti na viwiko vyangu vilibadilika wiki ya kwanza. Hapana muujiza hapo: mchele unakwangua ngozi iliyokufa, mafuta yanazuia unyevu usitoke, basi. Lakini hata losheni ya bei mbaya niliyokuwa nayo haikunifanyia hivyo, na harufu ilikaa siku mbili. Wanaosema mgeni wa Tanga akija haondoki wanasingizia limbwata. Mimi sasa naamini ni singo.

Ubaya wake upo pia. Manjano hayana adabu. Foronya ziligeuka njano, shuka likageuka njano, kola ya gauni la kazini ikageuka njano, na wiki ya pili mwenzangu ofisini akanivuta pembeni kwa upole kuniuliza kama nimepima homa ya ini. Kama wewe ni maji ya kunde au mweupe, singwa Ijumaa jioni ili Jumatatu uwe umerudi kwenye rangi yako. Na karafuu: mara ya kwanza shingo iliniwaka, ikatoa vipele vidogo vilivyokaa siku tatu. Wiki iliyofuata akaipunguza na sikuwaka tena, ila kosa lilikuwa lake, alipaswa kunipaka kidogo ndani ya mkono kwanza na kusubiri siku moja au mbili. Nilipomwambia alicheka: "Kwani hii si dawa ya hospitali." Ndiyo, mama, lakini ngozi haijali kitu kimetoka kiwandani au kinuni. Kosa la kunyoa miguu jana yake ni langu mwenyewe, na hilo sitalieleza.

Sasa nywele, ambazo ndizo zilizonipeleka.

Siku moja nilifika mapema nikamkuta anapika mafuta, nikakaa kumsaidia. Nazi nane kavu, tukazikuna kwa mbuzi, tukakamua tui la kwanza kwa kifumbu, maji kidogo tu. Hilo likawekwa hadi kesho; lililokamuliwa jana yake lilikuwa tayari limejitenga, utando mzito juu na maji chini. Aliukomba ule utando, akautia kwenye sufuria juu ya makaa hafifu, na kuanzia hapo ni kukoroga na umbea. Inachukua karibu saa mbili nzima. Mwanzo unachemka kama uji, halafu unakatika, mafuta yanaanza kung'aa pembeni, mashapo yanageuka kahawia na kuzama. Hapo usitoke hata kwenda kufungua mlango, maana mashapo yakiungua chupa nzima itanuka moshi. Akachuja kwa kitambaa na kurudisha motoni dakika chache, kwa sababu maji yakibaki ndani mafuta yanachacha. Chupa yangu niliwahi kwenda nayo Lushoto mwezi wa saba, ikaganda nyeupe kama mshumaa usiku wa kwanza. Nikafurahi, kwani mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, na hii ilikuwa dalili kwamba hakuyachanganya na ya kupikia chapati.

Namna anavyoyatumia ndiyo iliyonishangaza. Mimi nilizoea kuosha nywele kisha kupaka mafuta. Yeye anapaka kwanza, anasuka mabutu manne, unalala nayo, kesho ndiyo unaosha. Baadaye nikaja kuelewa kuwa ana haki. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo chembe zake ni ndogo na nyoofu kiasi cha kupenya ndani ya unywele wenyewe. Mafuta ya alizeti hayafanyi hivyo, yanabaki juu. Unywele uliokwisha kunywa mafuta haujai maji na kuvimba sana wakati wa kuosha, na haupotezi protini nyingi. Bibi zetu hawakuijua asidi, ila mpangilio wa kazi waliupata.

Kwangu mimi ilisaidia pale hasa nilipokuwa nahitaji. Niliacha dawa ya nywele nilipopata mimba, kwa hiyo kila unywele ulikuwa nusu kipilipili, nusu wa dawa, na zinakatikia pale pale zinapokutana. Kufikia wiki ya tatu vipande vilivyokuwa vinabaki kwenye kitana vilikuwa vimepungua, nimeviona kwa macho yangu. Tatizo pekee ni kwamba mafuta yakichuruzika usiku hadi kwenye paji la uso, asubuhi kuna chunusi. Funga kitambaa.

Lakini yeye hakuniuzia "zisikatike". Aliniuzia "zitaota". Maneno yake ya siku ya kwanza: "Siku arobaini, utasukwa." Na kwa kuotesha alikuwa na dawa mbili nyingine, mafuta ya mnyonyo na mbegu za uwatu.

Mnyonyo ni mzito kama asali, unanata, na kuutoa unaosha mara mbili. Uwatu unaloweka usiku kucha, asubuhi umekuwa na ute kama bamia, unasaga, unapaka, unakaa nusu saa. Ule ute kweli unalainisha, kitana kinateleza. Ila harufu! Nilinuka bizari siku tatu, nikitoka jasho ndiyo inapanda upya, na kwa joto la Tanga jasho halina ratiba.

Nikamfanyia mtihani bila kumwambia. Mwezi wa pili, nyumbani, nilipaka mnyonyo na uwatu upande wa kushoto tu. Kulia nikaacha mafuta ya nazi peke yake. Kila Jumapili mume wangu alipima vinywele vya juu ya masikio kwa rula ya mtoto wa jirani, huku akilalamika kwamba hakuoa mwalimu wa sayansi. Mwisho wa mwezi: kushoto sawa na kulia. Sawasawa kabisa.

Na kliniki, nilipompeleka mtoto chanjo, muuguzi alinieleza jambo ambalo natamani ningelisikia kabla sijatoa 60,000. Ukiwa mjamzito nywele nyingi zilizopaswa kudondoka hazidondoki, zinakaa tu. Ukishajifungua, baada ya miezi kadhaa zinatoka zote kwa pamoja kama wanafunzi kengele ikilia. Kwa wengi zinarudi zenyewe, mara nyingi kabla mtoto hajamaliza mwaka. Unywele unakua kama sentimita moja kwa mwezi, uupake mnyonyo uupake nini. Leo, baada ya miezi mitatu, vinywele vyangu vya mbele vina sentimita tatu na ushee. Piga hesabu mwenyewe uone sifa ni za nani.

Simwiti mwongo. Nadhani amewaona wanawake wengi waliojifungua wakija na vipara na kuondoka na nywele, na angekuwa ni nani asiamini ni mafuta yake?

Lalamiko langu kubwa ni shubiri. Aliniuzia chupa ya ute wa mshubiri kwa 5,000, uwe wa uso na ngozi ya kichwa. Siku mbili za kwanza nilijikuna, kwa sababu hakuyaacha majani yachuruzike ule utomvu wa njano kabla ya kuchuna. Siku ya tisa nikafungua chupa nikakutana na harufu ya maji ya maua ya wiki iliyopita. Mafuta matupu yanakaa miezi, lakini kitu chenye maji ndani kinaoza kama chakula, na huu haukuwa umewekwa hata kwenye friji. Pesa hakurudisha. Alinipa jani zima la mshubiri kutoka ndoo iliyo pembeni ya kisima, akaniambia nikate mwenyewe kila ninapotaka. Ukweli ni kwamba jani lilikuwa bora kuliko chupa. Linasimamishwa kwanza kwenye kikombe nusu saa, utomvu unashuka wote.

Jambo moja lililonifanya nimwamini hata baada ya shubiri: limau amelikataa. Mwaka juzi, kabla ya mimba, nilijipaka limau na asali usoni kwa maelekezo ya kwenye simu, sikuosha vizuri, nikaenda ufukweni Raskazone kuogelea saa saba mchana. Kesho yake nilikuwa na mabaka yanayowasha, yakawa meusi kama nimemwagiwa chai, yakakaa miezi. Ndani ya limau na ndimu kuna kemikali inayoamshwa na jua na kuiunguza ngozi. Nilipomsimulia hakushangaa. "Limau ni la samaki," alisema, akaendelea kusuka.

Pale uani huwa anakuja pia dada mmoja na mkoba wa vikopo visivyo na lebo, "krimu ya asili, siku saba unang'aa". Kinachong'arisha mtu kwa siku saba si asili, ni mkorogo, na humo mna zebaki au haidrokwinoni au dawa za steroidi. Mwaka 2019 vipodozi vilihamishiwa chini ya TBS, Shirika la Viwango, na vitu hivyo vimepigwa marufuku, ila mkoba hauna leseni wala anuani. Mama wa singo hamfukuzi, anasema ni mtoto wa jirani. Hilo sikulipenda.

Kwa hiyo, wanaoniuliza kama waende: singo, ndiyo, kwa moyo mmoja. Mafuta ya nazi, ndiyo, hasa kama nywele zinakukatika, na upake kabla ya kuosha. Mnyonyo na uwatu, kama una pesa ya kuchezea na mume asiye na pua. Ute wa chupa, hapana, omba jani.

Wifi yangu anaolewa baada ya mfungo, na kesho nampeleka aanze siku zake saba za kusingwa. Nimemwambia avae khanga kuukuu na asinyoe miguu. Kitandani nimemtandikia lile shuka langu la njano.