Shimo la kunyonya au karo la vyumba viwili?

Mtu anayejenga Makunduchi au Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, na kutaka pa kupeleka maji ya choo, hukutana na jiwe kabla ya udongo. Futi mbili chini, mtarimbo unalia. Hapo ndipo gharama inapoanzia: siku za wachimbaji, si saruji.

Shimo la kunyonya ni rahisi mwanzoni. Unachimba, unajenga bloki zenye nafasi chini, unafunika zege. Maji yanapotea, na wengi hufurahi kwamba "halijai". Kwenye uwanda wa mawe, kutojaa ndiko kunakotisha: mawe ya matumbawe yana nyufa, uchafu unapita haraka bila kuchujwa hadi kwenye maji ya kisima.

Karo la vyumba viwili linakula bloki, nondo, plasta na fundi anayejua kazi. Chumba cha kwanza, kikubwa zaidi, kinabakisha mashapo chini na mafuta juu. Maji yaliyopungua uchafu huenda cha pili, kisha kwenye shimo la kunyonya. Ndiyo, shimo bado lipo, na maji yale si safi. Kwa hiyo kisima kikae mita 30 au zaidi kutoka kwenye shimo hilo.

Kuna gharama wanayoisahau: kuvuta mashapo kila miaka michache. Gari la kuvuta halipiti kichochoro cha minazi, acheni njia.

Pemba kwenye udongo mzito wa mfinyanzi hesabu inageuka. Shimo hunyonya polepole na masika hufurika.

Mimi, kwa nyumba yenye kisima uani, nachagua karo, hata kama ukuta utachelewa kupakwa rangi.