Waliniambia siizimi kompyuta yangu

Nyota moja. Ningeweka sifuri kama ingekubali, na hata hiyo moja sijaamua kama nitaiacha au nitaiongeza, maana katika duka hilohilo la kutengeneza kompyuta yumo kijana anayestahili zote tano. Shida ni kwamba ili umfikie lazima upite kwa yule wa kaunta. Jina la duka silitaji. Liko mjini hapa Morogoro, na wanaolijua watalijua.

Nina steshenari ndogo. Natoa kopi, nachapa barua na ripoti, nawajazia watu fomu za mtandaoni: ajira, mikopo ya vyuo, vyeti vya kuzaliwa. Kazi yote hiyo inabebwa na kompyuta moja, laptopu nyembamba yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, ambayo haikuwahi kunisumbua hadi nilipoitoa Windows 10 kuipeleka Windows 11. Sikuhama kwa kupenda. Muda wa Windows 10 kuhudumiwa uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu inapita nywila za watu na namba zao za NIDA kutwa nzima. Siwezi kukaa na mfumo ambao hakuna tena anayeuziba matundu halafu nijifanye mlinzi wa siri za wateja.

Kuhama kwenyewe kulikwenda salama. Siku ya kwanza feni ilivuma mchana kutwa, nikavumilia, kwa sababu mfumo ukishapandishwa toleo huwa unajipanga upya: unaorodhesha mafaili, antivirusi inapekua kila kona. Hilo ni la kawaida na hupita. Langu halikupita. Asubuhi RAM inasoma asilimia 60, nasema sawa. Jioni 80. Kesho yake naiwasha, sijagusa hata faili moja, inasoma 88. Ikifika saa nne kishale kinaganda katikati ya fomu, mwanafunzi amekaa mbele yangu anatafuna kucha, dirisha la maombi linakaribia kufungwa, na mimi najifanya natafuta miwani.

Kilichonikosesha raha zaidi ni hesabu kutokubaliana. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka, na ukigusa neno Memory juu ya safu, programu zinajipanga kuanzia yenye tumbo kubwa kushuka chini. Nilichukua kalamu nikajumlisha. Chrome, antivirusi, Word, na vile vijidudu vyote vya mfumo vyenye majina yasiyosomeka. Jumla haikufika GB 3. Juu ya safu hiyohiyo imeandikwa 91. Asilimia 91 ya GB 8 ni zaidi ya GB 7. Sasa nyingine zote ziko kwa nani?

Najua jibu ambalo wengi wanalo mdomoni: Windows huijaza RAM tupu kwa vitu unavyovitumia mara kwa mara ili vifunguke haraka, kwa hiyo usiogope. Ni kweli hufanya hivyo, na ilianza muda mrefu, tangu Windows Vista ya mwaka 2007. Lakini akiba hiyo inaandikwa peke yake, kwenye mstari wa Cached, na haimo ndani ya ile asilimia. Programu ikitaka nafasi, akiba inaondoka palepale. Kwa hiyo ukiona 91, hiyo 91 imeshikwa kweli, na anayekwambia "ni cache tu hiyo" hajafungua ukurasa wa pili wa Task Manager, ule wa Performance.

Haya yote nilimweleza yule wa kaunta, kwa adabu, nikiwa nimemshikia kikaratasi changu cha hesabu. Hakukitazama. Simu ilikuwa sikioni, akanifanyia ishara niweke mashine mezani, akaendelea kucheka na aliyekuwa upande wa pili. Alipomaliza akasema, "Mama, RAM imekufa."

Nikamwambia RAM ikifa haikai inahesabu vizuri asubuhi na kupanda taratibu mpaka jioni. Ikifa, mashine inajizima, au inatoa skrini ya buluu, au haiwaki kabisa. Akanitazama kama mtu aliyesikia meza ikiongea. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka kifua kinapanda: akaigeuza laptopu, akaingia Task Manager, akabonyeza CPU, akaweka kidole juu ya mstari ulioandikwa Up time. Palisomeka siku zaidi ya kumi.

"Mama, tatizo si mashine. Wewe huizimi."

Nikasema naizima kila jioni.

"Unafunika mfuniko. Kufunika siyo kuzima." Akasema kwa sauti, na duka lilikuwa na watu. "Mashine yenyewe inasema hapa, siku kumi na kitu haijazimwa. Sasa nani mwongo, wewe au mashine?"

Wakacheka. Mzee mmoja aliyekuja kununua chaja, asiyenijua wala kunihusu, akatikisa kichwa kwa masikitiko juu yangu. Mimi ninaifunga steshenari kila jioni, nazima mashine kwa mkono wangu, nangoja taa ya mwisho ife, naiweka begini, naipandisha bodaboda hadi nyumbani. Nimefanya hivyo tangu nilipoinunua. Na nimesimama pale, mtu mzima, naitwa mwongo kwa ushahidi wa skrini yangu mwenyewe.

Halafu bei. Elfu ishirini ya "kuangalia", laki moja na themanini ya RAM mpya, niache mashine nirudi keshokutwa. Bisibisi hata hakuishika. Nilichosema wakati huo sikiandiki, ila mzee wa chaja aliacha kutikisa kichwa.

Nadhani ni sauti yangu iliyomtoa yule wa nyuma. Kijana mwembamba, waya wa kuchomelea bado uko mkononi, akatoka nyuma ya pazia, akaangalia skrini, akaniuliza kwa upole, "Shikamoo mama. Unapozima, unabonyeza Shut down au Restart?" Nikasema Shut down, ndiyo ya kuzimia. Akamgeukia mwenzake: "Mama haongopi."

Naomba hapa msome polepole, maana ndipo hela zangu zilipookolewa. Tangu Windows 8, mwaka 2012, kuna kitu kinaitwa Fast Startup, na kwenye laptopu nyingi kinakuja kikiwa kimewashwa. Ukibonyeza Shut down, mfumo unafunga programu zako, lakini kiini chake, ile sehemu ya ndani inayoendesha kila kitu, pamoja na draiva zote, yaani vile viprogramu vinavyouwezesha mfumo kuongea na vifaa kama Wi-Fi, haukifungi. Unakinakili kama kilivyo kwenye diski, halafu umeme unakatika. Kesho unapowasha, unakirudisha kilekile kutoka kwenye diski, ndiyo maana inawaka upesi. Kwa saa ya mfumo, kiini hakijawahi kulala, na Up time inaendelea kuhesabu. Restart ndiyo inayofunga kila kitu na kuanza upya. Kwa maneno mengine, nilikuwa nazima kila siku, na mashine nayo ilikuwa inasema ukweli wake. Aliyekuwa hajui ni fundi. Fundi! Anayelipwa kujua!

Kijana akabofya Memory badala ya CPU na kunionyesha namba ambayo mimi niliipita mara zote kwa sababu iko chini, pembeni, kwa herufi ndogo: Non-paged pool. Hiyo ni RAM inayoshikwa na kiini na draiva, hairuhusiwi kuhamishiwa kwenye diski, wala haiandikwi kwenye safu ya programu yoyote. Kwa mashine kama yangu, akasema, hapo hutarajia kukuta MB mia kadhaa. Yangu ilisoma GB 3 na ushee. Hesabu yangu ikakaribia kukubali mara moja. Nilitamani nimbandike yule wa kaunta kile kikaratasi kwenye paji la uso.

Ina maana kuna draiva inaomba kumbukumbu na hairudishi, kama mwanakikoba anayekopa kila Jumapili asirejeshe hata mia. Na kwa kuwa kuzima kwangu hakukifungi kiini, deni lilikuwa linavuka usiku na kuamka nalo. Ndiyo maana asubuhi naikuta 88 kabla sijafungua kitu.

Mdaiwa ni nani? Kijana akachomeka flashi yake, akafungua dirisha jeusi la programu inayoitwa PoolMon, ambayo Microsoft wenyewe huitoa kwa ajili ya watengenezaji wa draiva. Inaonyesha orodha ya vitambulisho vya herufi nne nne, kila kimoja na kiasi cha kumbukumbu kinachoshikilia. Akabonyeza herufi b, wakubwa wakapanda juu. Tukatulia tukitazama. Namba zingine zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, zinahema. Ya kwanza kabisa ilikuwa inapanda tu. Akafungua video kwenye intaneti, ikapanda mbio. Akazima Wi-Fi, ikasimama kimya. Akaiwasha, ikaanza tena.

Hakuhitaji kusema, ila alisema: "Ni kitu cha mtandao, mama." Akatafuta zile herufi nne ndani ya mafaili ya draiva, akalipata. Lilikuwa la kile kiprogramu kilichokuja na laptopu tangu imenunuliwa, kinachojidai kugawa kasi ya intaneti kati ya programu zako, kwamba video ipate zaidi, faili lisubiri. Sijawahi kukiomba. Sijawahi kukifungua. Toleo lake lilikuwa la zamani, la enzi za Windows 10, na wakati wa kuhama lilibebwa likaingia kwenye nyumba mpya bila kuulizwa. Akakiondoa, akaweka draiva ya kawaida ya Wi-Fi iliyo ya sasa, akaingia Control Panel, kwenye Power Options, sehemu ya kuchagua vitufe vya umeme vifanye nini, akatoa alama ya Fast Startup. Akabonyeza Restart.

Nikamuuliza, na RAM ya laki na themanini? Akaipindua mashine, akasoma kibandiko, akatafuta modeli kwenye simu yake. "Hii haina tundu la kuongezea, mama. RAM yake imechomelewa kwenye bodi." Alisema kwa sauti ya chini ili mwenzake asisikie. Mwenzake alisikia.

Sasa niambieni, walikuwa wanataka kuniwekea wapi? Kwenye begi?

Leo, wiki kadhaa baadaye, naiwasha inasoma karibu 50. Ndiyo, ni zaidi ya ilivyokuwa kwenye Windows 10, na nilikuwa tayari nimeandika hapa kwamba mfumo mpya ni mlafi. Nimefuta. Windows 11 kiwango chake cha chini kabisa ni GB 4, na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine ya GB 4 anajua hicho ni kiwango cha kuwakia, siyo cha kufanyia kazi. Kwa GB 8 zangu, na Chrome yenye kurasa zangu zote wazi, jioni inafika 70 na inatulia hapo. Kuwaka kunachelewa kidogo kuliko zamani kwa kuwa tumetoa ile njia ya mkato, na mimi sioni shida, nachemsha chai. Kwa hiyo kwa mfumo wenyewe sina ugomvi. Au ninao kidogo: haiingii akilini mtu abonyeze Shut down halafu aambiwe kwa takwimu kwamba hakuzima. Kama mashine itatoa ushahidi dhidi yangu mbele za watu, basi ushahidi huo uwe na maelezo pembeni.

Kama yako nayo inapanda hivyo, kabla hujaipeleka kokote bonyeza Restart, kisha fuatilia Non-paged pool kwa siku nzima. Ikitulia, mlafi ni programu zako, kuna nyingi zinazojiwasha zenyewe asubuhi na unaweza kuzizuia humohumo Task Manager. Ikipanda bila kushuka, una draiva inayokula. Aliyekwambia RAM imekufa muulize kwanza kama mashine yako ina tundu.

Na duka? Nilikuwa nimalizie kwa kusema msiende. Lakini nikisema hivyo namnyima riziki kijana wa nyuma ya pazia, ambaye hakunidai hata mia na alikataa ya soda. Nendeni basi, saa za mchana, yule wa kaunta anapotoka kula. Nyota mbili. Hapana, nimeitazama tena risiti sasa hivi, ile elfu ishirini ya "kuangalia" niliyoilipa kabla pazia halijafunguka na ambayo hawajanirudishia. Yule wa kaunta ameandika kwa mkono wake, kwenye mstari wa huduma: "Kusafisha RAM." Nyota moja.